Mbio za Mtaani Bila Taka: Mwongozo kwa Waandaaji wa Mbeya, Iringa na Njombe

Mvua zikishakatika, klabu nyingi za mbio huku Nyanda za Juu Kusini huanza kupanga tarehe, na maswali huwa ni yale yale. Tukiacha chupa za maji, watu watakunywa nini? Vikombe vya kuosha si vitatuletea magonjwa ya tumbo? Mdhamini ameshatoa katoni za maji, tumrudishie? Medali za mbao zinatengenezwaje? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Mwongozo huu ni wa mbio ndogo: watu 100 hadi 500, kilomita 5 au 10, zinazoandaliwa na klabu, shule, parokia, usharika au ofisi ya mtaa. Hesabu zote nimezipiga kwa watu 300 wanaokimbia kilomita 10. Wewe zidisha au gawanya kulingana na watu wako.

Jambo moja lishike kabla ya mengine. Taka za siku ya mbio huingia kupitia orodha ya manunuzi. Kamati ikishapitisha katoni za maji, mifuko ya zawadi na maputo, hata ukiwa na vijana hamsini wa kufagia hutaweza kuzimaliza taka hizo. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinafanyika mezani, wiki nyingi kabla ya mtu yeyote kuvaa raba.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Muda: miezi mitatu inatosha. Chini ya hapo bado unaweza, ila sahau medali za mbao.

Watu: mtu mmoja wa mazingira ndani ya kamati, na huyo awe na kauli kwenye manunuzi. Akipewa koti na ufagio tu siku ya mwisho, hana kazi aliyopewa. Halafu wahudumu wanane kwa kila kituo cha maji, na wanne wa meza ya taka.

Vibali: ofisa michezo wa halmashauri, chama cha riadha cha mkoa, polisi wa usalama barabarani na ofisi za serikali za mitaa ambako njia inapita. Njia ikigusa barabara kuu ya TANZAM, waone TANROADS. Barabara za mitaani ni za TARURA. Ukitaka kupita msitu wa hifadhi nenda TFS, wakala wa misitu, na Kitulo ni hifadhi ya taifa, hivyo ruhusa ni ya TANAPA.

Vifaa:

- Madumu ya lita 20 yenye mifuniko inayobana, au chupa kubwa za lita 18.9 zile zinazorudishwa dukani.
- Ndoo sita au nane zenye koki.
- Vikombe vigumu 400, vya plastiki nzito au bati.
- Mabeseni tisa, matatu kwa kila kituo (viwili vya njiani na cha kumalizia).
- Kreti tupu za soda, nane hivi.
- Salfeti 20 za kukusanyia taka, na mizani ya kuning'iniza.
- Dawa ya kutibu maji ya kunywa, sabuni, na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe.
- Chokaa na vitambaa chakavu vya kuonyesha njia.

Usiende kununua vikombe 400. Karibu kila kata ina kikundi cha akina mama kinachokodisha vyombo vya shughuli: masufuria, sahani, vikombe, mabeseni, hata turubai na viti. Waone mapema, waeleze ni kazi gani, na uwalipe pia kwa kuosha. Hao wamelisha misiba na harusi za watu mia tano. Wanajua kuosha vikombe haraka kuliko kamati yako yote.

Hatua ya 1: Chagua tarehe na njia

Juni hadi Oktoba ardhi ni kavu na njia za udongo hazichimbiki. Ukipitisha watu 300 kwenye njia ya mlimani mwezi wa Machi, kwa mfano kwenye miteremko ya Loleza, nyayo zao zinageuka mfereji na mvua inayofuata inabeba udongo wote. Tukuyu hali ni ngumu zaidi kwa sababu mvua haziishi, kwa hiyo huko baki kwenye barabara za moramu na za katikati ya mashamba ya chai.

Kiangazi nacho kina hatari yake, nayo ni moto. Kuanzia Agosti majani yote yamekauka na upepo ni mkali. Piga marufuku fataki, sigara na kupikia kuni karibu na nyasi, na uweke matawi mabichi na ndoo za maji pale njia inapopita porini.

Chora njia ukiikwepa mito na chemchemi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji dhidi ya shughuli zinazoweza kuviharibu. Kukatiza darajani ni sawa. Kuweka kituo cha maji, choo au meza ya kuoshea ndani ya mita hizo, hapana, hata kama kivuli cha pale ni kizuri.

Mwanzo na mwisho viwe mahali pamoja, karibu na kituo cha daladala. Uwanja wa Sokoine kwa Mbeya na Samora kwa Iringa vinajulikana na kila mtu, na vyoo vipo. Kwenye kata, uwanja wa shule ya msingi unafaa kabisa.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya maji

Hapa ndipo waandaaji wengi wanaogopa, na hofu hiyo ndiyo inayowarudisha kwenye katoni. Hesabu ni rahisi.

Mkimbiaji hunywa kikombe kisichojaa anapopita kituoni, kama mililita 150. Kwa kilomita 10 kwenye baridi yetu ya asubuhi, vituo viwili njiani vinatosha: kimoja karibu na kilomita 3.5, kingine kilomita 7. Akimaliza, mhesabie nusu lita.

Njiani: watu 300 × vituo 2 × lita 0.15 = lita 90.
Mwisho: watu 300 × lita 0.5 = lita 150.
Jumla lita 240. Ongeza robo ya akiba, unapata lita 300, yaani madumu 15.

Maji ya kuoshea yahesabu peke yake. Mabeseni matatu yakibeba lita 15 kila moja ni lita 45, na uyabadilishe angalau mara moja. Kwa vituo vitatu, pamoja na cha kumalizia, ni lita 270. Haya hayahitaji kuchemshwa, lakini yawe safi.

Sasa linganisha na utaratibu wa zamani. Chupa moja kwa kila mtu kila kituo na moja mwishoni ni chupa 900, na nyingi zinatupwa zikiwa na maji nusu. Chupa ya kilomita 7 huviringika hadi mtaroni, na mvua za Novemba zinapoanza mtaro ule umeshaziba.

Maji ya bomba yatibu usiku wa kuamkia mbio. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ya dawa, tikisa, kisha subiri angalau nusu saa kabla ya mtu kunywa. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi na uyaache yatulie, kwa sababu dawa haifanyi kazi vizuri kwenye maji machafu. Andika kwenye kila dumu kwa kalamu ya rangi: KUNYWA au KUOSHA. Madumu yaliyowahi kubeba mafuta ya taa, dizeli au dawa za mashambani hayatumiki kabisa, hata yakioshwa mara kumi.

Hatua ya 3: Panga kituo cha vikombe

London Marathon ya 2019 iligawa vifuko vya kinywaji vilivyotengenezwa kwa mwani, ambavyo mtu angeweza kuvila pamoja na kinywaji chake. Hapa hatuna hivyo na hatuvihitaji. Tuna ndoo zenye koki na akina mama wenye vyombo.

Gawa vikombe hivi: 250 kituo cha kwanza, ambako watu wanapita wakiwa bado wamesongamana, na 150 kituo cha pili, ambako wameshatawanyika. Kituo cha kwanza kikimaliza kazi, vikombe vyake vilivyooshwa vinapelekwa na bodaboda kwenye mstari wa kumalizia. Usingoje kuosha vyote ndipo uvipeleke; kreti ya kwanza ikikauka, iondoke.

Mpangilio wa kituo, kwa kufuata mwelekeo wa mkimbiaji, ni huu:

Kwanza meza ya vikombe vilivyojaa nusu. Usijaze hadi juu, maji yatamwagika kwenye nguo yake na barabarani.

Wahudumu wanne wasimame kwa kuachiana hatua kumi, siyo wote mezani. Mhudumu anaweka kikombe juu ya kiganja kilichokunjuliwa, ananyoosha mkono, na anatembea hatua mbili tatu kuelekea upande anaokwenda mkimbiaji. Mkimbiaji anakinyakua kutoka juu. Mhudumu akikishika kwa kukikumbatia na vidole, wawili hao watavutana, maji yatawarukia, na kikombe kitaishia kwenye lami. Wafanyishe zoezi hili jioni moja kabla. Dakika ishirini zinatosha, na watoto wa mtaani watafurahi kuwa wakimbiaji.

Mita 30 mbele, weka kreti tupu za soda mbili zilizoegeshwa kiupande zikiwatazama wakimbiaji. Mita 80 mbele weka nyingine mbili, maana kuna watu wanaokunywa polepole. Mtu mmoja asimame pale akipaza sauti: "Kikombe hapa! Kikombe hapa!" Sauti hiyo inaokoa vikombe kuliko bango lolote.

Nyuma ya meza, mbali na vumbi, weka mabeseni matatu. La kwanza maji na sabuni. La pili maji ya kusuuza. La tatu maji yenye klorini: kijiko kimoja cha chakula cha dawa ya kufulia nguo nyeupe yenye klorini ya asilimia 3.5, kwa kila lita 5 za maji. Kikombe kikae humo dakika mbili, kisha kipangwe kimefunikwa kifudifudi kwenye kichanja kikauke chenyewe. Usikifute kwa kitambaa, kwa sababu kitambaa kimoja kilichofuta vikombe mia kinarudisha kila ulichokiosha. Maji ya beseni la tatu yakianza kuwa na povu au ukungu, mwaga, anza mapya.

Angalizo: dawa hiyo ya kufulia ni ya vikombe tu. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya usafi, na usiitumie kutibu maji ya kunywa badala ya dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Wanaoosha wavae glovu. Maji machafu yamwagwe kwenye shimo au ardhi yenye majani, mbali na mfereji na mto.

Kukiwa na taarifa ya kipindupindu kwenye halmashauri yako, achana na vikombe vya pamoja mara hiyo. Muulize ofisa afya. Watu waje na chupa zao binafsi na wewe ujaze kutoka kwenye koki bila koki kugusa mdomo wa chupa.

Hatua ya 4: Waambie wakimbiaji mapema

Tangazo la usajili liseme wazi: hakuna chupa za maji, njoo na kikombe au chupa yako, vikombe vya kuazima vipo. Rudia kwenye kundi la WhatsApp wiki moja kabla, siku tatu kabla, na usiku wa kuamkia mbio. Mshereheshaji naye aseme kabla ya filimbi. Mtu aliyeambiwa mara nne halalamiki. Aliyekutana na jambo hilo kilomita 3.5 akiwa anahema atakasirika, na ana haki.

Usajili ufanyike kwa simu na malipo kwa simu. Karatasi moja ya majina mezani inatosha.

Hatua ya 5: Namba, fulana, medali na zawadi

Namba za kifuani ziwe za kitambaa. Nunua amerikani nyeupe, mpe fundi cherehani akate vipande vya sentimita 20 kwa 24 na kukunja pindo, kisha chapa tarakimu kwa rangi kupitia karatasi ngumu iliyokatwa matundu. Usiandike mwaka wala jina la mdhamini juu yake. Baada ya mbio zinakusanywa pamoja na pini zake, zinafuliwa, zinaanikwa, zinasubiri msimu ujao. Mkimbiaji apewe medali akirudisha namba. Huo ndio utaratibu ambao haujawahi kuhitaji maelezo marefu. Kwa bango la mwanzo na mwisho sheria ni hiyo hiyo: jina la mbio bila tarehe, na unalitumia hadi turubai lichoke.

Fulana iwe ya hiari na ilipiwe peke yake. Wengi wetu tuna fulana za matukio zinazojaza begi nyumbani, na anayetaka kukimbia tu asilazimishwe kununua nyingine. Pesa inayookolewa hapa mara nyingi ndiyo inayolipa vyombo vya kukodi.

Medali: Mafinga na vitongoji vyake kuna viwanda vingi vya mbao vinavyopata magogo kutoka shamba la miti la Sao Hill, na mabaki yake ni mengi. Chukua vipande vya mbao, siyo visahani vilivyokatwa kwa kukatiza tawi. Kisahani cha tawi kinapendeza siku ya kwanza, lakini kikikauka kinapasuka kutoka ukingoni hadi katikati, kwa sababu mti husinyaa zaidi kwa kufuata mzunguko wake kuliko kuelekea kwenye kiini. Kipande cha ubao kilichokaushwa kivulini wiki tatu hakina tabia hiyo. Unene wa milimita 8 unatosha. Kipige msasa, chora nembo kwa chuma cha moto, toboa, pitisha kamba ya katani. Usipake vanishi, paka mafuta kidogo ya kula au nta ya nyuki.

Zawadi za washindi zitoke hapa hapa. Mchele wa Kyela, maharage, debe la viazi, kahawa ya Mbozi, asali, miche ya parachichi. Viweke kwenye kikapu cha Iringa kilichosukwa kwa milulu, na kikapu kiwe sehemu ya zawadi. Mfuko wa zawadi kwa kila mshiriki, ule wenye vipeperushi na sampuli, uache kabisa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na mbadala wake nao ukigawiwa ovyo unaishia mtaroni vile vile.

Hatua ya 6: Chakula

Mpango mwepesi ndio mzuri: ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha, magimbi, mahindi, vipande vya chungwa na tikiti, uji au togwa kwenye vikombe vile vile. Chakula hiki kina vifungashio vyake vya asili. Sinia lililotandikwa majani ya mgomba linatosha, hakuna haja ya sahani za kutupa. Nunua kutoka kwa wakulima wa karibu au sokoni kwa tenga, siyo kwa vifurushi.

Waandalie watu waliojiandikisha, usiwaandalie unaotamani waje. Kinachobaki kizima kipelekwe siku hiyo hiyo kwenye kituo cha watoto au shule ya bweni mliyokubaliana nayo kabla. Maganda yana mwenyewe: mfugaji wa nguruwe hakosekani, na ukimwambia mapema atakuja na toroli lake.

Hatua ya 7: Usafiri na umeme

Mara nyingi moshi mwingi zaidi wa siku ya mbio unatokana na safari za watu kuja na kurudi, kuliko chochote mnachofanya uwanjani. Kodi Coaster moja au mbili zenye ratiba. Kwa Mbeya, zitoke Uyole na Mbalizi. Kwa Iringa, Ipogolo inafaa kuwa kituo. Nauli iwe ndani ya ada ya usajili, ili mtu aone hasara kuja na gari lake akiwa peke yake. Filimbi ipigwe saa 1:00 asubuhi au baadaye kidogo, ili anayepanda daladala afike. Mkianza saa 12:00 mnawalazimisha watu kuchukua bajaji na bodaboda za kukodi gizani.

Magari ya kamati yasiongozane na wakimbiaji. Gari moja la huduma ya kwanza, baiskeli kwa anayeongoza, baiskeli kwa anayefunga mkia. Spika moja iunganishwe kwenye umeme wa shule au uwanja, na jenereta ikae pembeni ikiwa imezimwa kwa ajili ya dharura.

Hatua ya 8: Vyoo na kunawa

Tumia vyoo vilivyopo vya shule, kanisa au uwanja, na umlipe msafishaji kwa heshima, kabla na baada. Kadiria tundu moja kwa watu 40 hadi 50. Upande wa wanawake uongeze, kwa sababu foleni yao ndiyo inayowapeleka watu vichakani. Nje ya kila choo weka kibuyu chirizi na sabuni. Kinatumia maji kidogo sana na mtu hagusi chombo kwa mkono.

Hatua ya 9: Siku ya mbio

Njia ionyeshwe kwa mishale ya chokaa na vitambaa vilivyofungwa kwenye matawi. Hakuna rangi kwenye mawe, hakuna misumari kwenye miti, hakuna utepe wa plastiki. Andika idadi ya vitambaa ulivyofunga. Anayefunga mkia atavihesabu akivifungua. Maputo msiruhusu hata moja, hata ya mlango wa mwanzo.

Mapipa yaliyotawanyika uwanjani hayasaidii. Weka meza moja ya taka karibu na mstari wa kumalizia, salfeti tatu nyuma yake zikiwa zimefungwa kwenye fremu ya miti, na watu wawili mbele. Salfeti ya kwanza ni ya maganda na mabaki ya chakula, ya pili ya chupa na makopo, ya tatu ya vilivyobaki. Bandika kitu halisi juu ya kila moja: ganda la ndizi, chupa tupu, karatasi ya pipi. Watu husoma kitu kabla ya maandishi. Wahudumu wa meza wawe wachangamfu na wasiwe wakali. Mtoto akileta ganda, mwoneshe salfeti na umwache atupe mwenyewe.

Baada ya mtu wa mwisho kupita, kikosi cha watu sita kitembee njia nzima kwa miguu, watatu kila upande. Kifanyike siku hiyo hiyo. Kesho yake upepo na mbuzi watakuwa wameshafika.

Hatua ya 10: Pima na utangaze

Pima kila salfeti kabla haijaondoka. Andika kilo za maganda, kilo za chupa, kilo za vilivyobaki, lita za maji zilizotumika na zilizobaki, vikombe vilivyotoka na vilivyorudi, idadi ya Coaster na makadirio ya magari binafsi. Ukurasa mmoja. Bandika kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na uutume kwa wadhamini. Mwaka unaofuata ukurasa huo ndio utakaokupa nguvu mbele ya kamati.

Kuhusu kupanda miti

Kila kamati hupendekeza kila mkimbiaji apande mti siku ya mbio. Nia ni njema, lakini mche uliopandwa Agosti hufa Septemba. Tenga pesa, chagua eneo na mwenye eneo, kisha itisheni siku nyingine ya kupanda Desemba au Januari mvua zikiwa zimeshika. Karibu na vyanzo vya maji msipande mikaratusi; pandeni mivengi, mikuyu au mianzi. Na mche uwe na mtu aliyekubali kuupalilia. Miti 30 yenye wenyewe ni bora kuliko 300 ya kupigia picha.

Shida zinazojitokeza na namna ya kuzitatua

*Mdhamini ameshaleta katoni za maji.* Mshukuru na umwombe abadilishe na chupa kubwa za lita 18.9, kwa lita 300 ni chupa 16, na jina lake linasomeka vizuri zaidi juu ya ndoo kuliko kwenye chupa iliyokanyagwa. Akishindwa, katoni zikae bila kufunguliwa kwa huduma ya kwanza na dharura, na zilizobaki zipelekwe zahanati.

*Maji yanakaribia kuisha kituo cha kwanza.* Punguza kipimo kuwa theluthi ya kikombe na mpigie simu mwenye bodaboda ya akiba. Awe na madumu mawili tayari tangu asubuhi, asitumwe kuyatafuta.

*Vikombe vinapotea.* Paka kila kikombe mstari wa rangi moja inayoonekana. Vingi vinaangukia kati ya mita 80 na 200 baada ya kituo, kwa hiyo weka kijana mwenye ndoo eneo hilo.

*Watu wanalalamikia harufu ya dawa kwenye maji.* Tibu jioni badala ya asubuhi, na asubuhi mimina maji kutoka ndoo moja hadi nyingine mara mbili tatu. Harufu hupungua sana.

*Wachuuzi wamejaa kwenye mstari wa kumalizia na maji ya chupa.* Usiwafukuze, ni riziki yao na ni majirani zako. Kaa nao wiki moja kabla, wape sehemu maalumu, uwaombe walete soda za chupa za kioo, matunda na karanga kwenye karatasi. Kila mmoja apewe salfeti yake na airudishe imejaa.

*Mvua ya ghafla imefuta mishale.* Vitambaa bado vipo. Hamisha wahudumu wa kituo kilichomaliza kazi wakasimame kwenye njia panda, kuanzia zile zenye magari.

*Kamati inasema vyombo vya kukodi ni ghali.* Usibishane kwa maneno. Andika pande mbili za karatasi: katoni, usafirishaji wake na malipo ya wafagiaji upande mmoja, kukodi vyombo, waoshaji, dawa na madumu upande mwingine. Weka bei za mtaani kwako za wiki hiyo na uwaache wajumlishe wenyewe.

*Mnunuzi wa chupa hakutokea.* Fungua vifuniko, kanyaga chupa zipungue, vifuniko weka peke yake, zifunge kwenye salfeti na uziweke mahali pakavu. Hazichachi. Jumatatu tafuta waokota chupa wa mtaa wako na uwape wao moja kwa moja, pamoja na namba yako ya simu kwa ajili ya mbio zijazo.